Panya wa Kadi ya Bluu

Haya nimeyapata kwa Mama Vizimba, yule mtunza panya wa maabara, Jumapili asubuhi tukiwa tumepanga ndoo zetu kwenye foleni ya bomba. Maji yalikuwa yanatoka kwa kusuasua kama mtu anayelipishwa, kwa hiyo nafasi ya kusimuliana ilikuwepo. Ya siku ya kwanza nyumbani kwa Fundi, mama yake Daktari, aliyasikia kwa Daktari mwenyewe, na mengine yote aliyaona kwa macho yake mawili. Mimi sijaongeza kitu. Labda chumvi, na hata hiyo ni kidogo.

Wiki iliyopita mlinilalamikia kwamba nimemwacha Daktari wa watu amesimama mlangoni kwa mama yake, mkono kwenye kitasa, mdomo wazi. Haya, sasa aingie.

Kama ndiyo unafungua ukurasa huu leo, usihangaike. Daktari huyu hatibu watu, anachunguza panya weupe. Aliandika karatasi ya kitaalamu akasema kwamba maji ya jani fulani la kutambaa, chungu kuliko talaka, yameshusha sukari ya panya wagonjwa. Karatasi ikachapwa kwenye jarida la wataalamu, gazeti nalo likaidaka, picha yake ikatoka akiwa ameshika panya kama ameshika mtoto. Mtaani wakaanza kumwamkia hata waliomzidi umri.

Na mama yake, fundi cherehani, ana ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na moja huu.

Sasa, alichokiona Daktari pale mlangoni ni pipa la taka. Ndani ya pipa, juu ya maganda ya vitunguu, vimelala vidonge vya sukari vya mama yake, pakiti nne hazijafunguliwa. Na Fundi mwenyewe amesimama kando ya jiko na kikombe cha maji ya kijani, anakunywa huku amefumba jicho moja.

“Mama, unakunywa nini?”

“Dawa yako.”

“Dawa yangu?”

“Sasa ya nani? Si wewe uliyeandika?” Fundi akafuta mdomo kwa kiganja. “Ila mwanangu, kwa uchungu huu, hao panya wako ni wavumilivu. Mmoja akija hapa nitampa kiti.”

“Vidonge umeacha lini?”

“Kesho wiki ya tatu.”

Daktari akakaa chini bila kutafuta kiti. Akakaa juu ya kapu la vitambaa.

“Mama, wale ni panya!”

“Kwani mimi nimesema ni ng’ombe?”

“Panya thelathini tu! Mtu hata mmoja bado. Nimeandika pale mwisho kwamba uchunguzi zaidi unahitajika.”

“Pale mwisho maandishi yalikuwa madogo,” Fundi akasema. “Mtu akiandika kwa herufi ndogo hataki kusomwa.”

Akarudi kwenye cherehani yake. Juu ya cherehani, ukutani, lile gazeti lilikuwa limeshawekwa kwenye fremu. Wateja wakija kupima mikono ya magauni wanasomewa kwanza, ndipo wapimwe.

“Wenzangu wa kliniki sasa wananiita Mama Jani,” akaendelea, akilamba uzi. “Nikiingia wananipisha benchi.”

“Na wao wameacha vidonge?”

“Bado. Wanaangalia mimi nitakuwaje.”

Akaupeleka uzi kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akalamba tena, akapeleka tena, ukapita upande wa pili. Mara ya tatu sindano ikamchoma kidole gumba.

“Nyuzi za siku hizi,” Fundi akasema, “zimelegea sana.”

Kando ya mguu wake kulikuwa na jagi la maji, na la pili limeshakwisha. Daktari akaliona moja, akaliona na la pili, na macho yake yakarudi kwenye uzi. Akatoa kimashine cha kupimia sukari kwenye mkoba.

“Lete kidole.”

“Nina kazi.”

“Mama. Kidole.”

Tone la damu, sekunde tano, kimashine kikatoa jibu. Kumi na tisa! Mtu hajala tangu asubuhi, inatakiwa iwe chini ya saba, na yeye ana kumi na tisa.

“Kimezeeka hicho,” Fundi akasema.

Daktari akajichoma mwenyewe. Tano.

“Unaona?” mama akasema. “Kimezeeka kwangu tu.”

“Mama yangu, nisikilize. Macho yako yanaondoka. Ukiendelea hivi, cherehani utaisikia kwa masikio tu. Meza kidonge sasa hivi.”

“Siwezi.”

“Kwa nini huwezi?”

“Nikimeza, nitakuwa nimesema mwanangu ni mwongo. Nitawaambia nini wale wa kliniki?”

“Huenda jani halifanyi kazi kwa watu.”

“Karatasi imesema linafanya.”

“Karatasi nimeiandika mimi!”

“Ndiyo maana naiamini,” Fundi akasema, akakanyaga cherehani. Trrrrr. Mazungumzo yakafa hapo.

Na kabla Daktari hajainuka kwenye lile kapu, simu ikalia. Alikuwa Mkurugenzi wa kituo chao, sauti imejaa asali.

“Daktari! Wageni wetu wanaokuja Ijumaa kuliona jani lako wamethibitisha. Njoo na lile jani likiwa kwenye chungu, majani yake yafutwe vumbi, tunapiga picha. Na ule ukuu wa kitengo cha dawa za asili, hesabu ni wako. Mbona kimya? Furaha, eh?”

“Furaha, bosi,” Daktari akajibu, macho yapo kwenye pipa la taka.

Akaokota pakiti zote nne, akazifuta, akazitia mkobani. Akaondoka na swali moja kichwani. Panya wale sukari yao ilishuka. Aliiona kwa macho yake, akaiandika kwa mkono wake. Kwa mama imeshindikana nini?

Kesho yake hakungoja saa tatu, saa yake ya siku zote. Saa moja kasorobo asubuhi yuko kwenye korido ya maabara, viatu mkononi kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki. Siku hiyo walikuwa wapime kundi jipya, kurudia jaribio lilelile. Akataka kuanza kabla watu hawajaja na maswali.

Akasikia mtu anaongea chumba cha vizimba.

“Wewe usisukume. Jana ulikula cha mwenzako. Haya, na wewe mnyonge, njoo. Shika. Taratibu, hakuna anayekukimbiza.”

Akasukuma mlango. Mama Vizimba, ndoo ya chakula cha panya kiunoni, anagawa kiganja kimoja kimoja kwa panya wa mstari wa chini.

“Mama Vizimba! Unafanya nini?”

“Shikamoo kwanza utanipa au hunipi?”

“Shikamoo. Unafanya nini?”

“Marahaba. Nawafungulisha kinywa.”

“Leo nawapima sukari! Nilisema wasile tangu jana jioni!”

“Najua, Daktari. Wale wa kadi nyekundu sijawagusa, waulize wenyewe.”

Ni kweli. Mstari wa juu, wenye kadi nyekundu, walikuwa wamekaa na njaa yao, wamenuna. Mstari wa chini, wenye kadi ya bluu, mashavu yamejaa.

“Na hawa wa bluu?”

“Hawa?” Mama Vizimba akashusha ndoo. “Hawa si ndio hawapewi dawa? Wagonjwa hawa, Daktari, wanapewa maji matupu! Wenzao wana jani, wana mtu wa kuwahangaikia. Hawa wana nani? Nikasema, angalau kiganja kimoja alfajiri, tumbo lisilie.”

Daktari akashika ukingo wa meza.

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

“Hata wale thelathini wa mwaka jana?”

“Hao ndio niliwaonea huruma zaidi. Kulikuwa na baridi.”

Hapa ngoja niwaeleze kama Mama Vizimba alivyonieleza, na yeye alieleweshwa mara tatu. Panya wote ni wagonjwa wa sukari. Wa nyekundu wanapewa maji ya jani, wa bluu maji matupu, halafu asubuhi wote wanapimwa na njaa, waonekane nani ana nafuu. Sasa ukimpima aliyekula, sukari yake itakuwa juu tu, hata umpe dawa ya mfalme. Na aliyelala njaa sukari yake itakuwa chini kidogo, hata umpe maji ya bomba. Ile tofauti yote, ile iliyochapwa kwenye jarida, ikaingia gazetini, ikawekwa fremu juu ya cherehani, haikutoka kwenye jani.

Ilitoka kwenye ndoo ya Mama Vizimba.

“Kwa hiyo nimekosea?” Mama Vizimba akauliza.

“Nimekosea mimi. Nilikwambia wasile, sikukwambia kwa nini.”

“Ungeniambia ningefunga nao.”

Panya wa bluu wakaendelea kutafuna, krrr krrr, hawana habari.

Mama Vizimba akafunga mlango polepole. Yeye ni mtu mzima, anajua kazi inavyokwenda na inavyoondoka.

“Daktari, mwanangu. Humu ndani tuko wawili. Panya hawajui kusema. Kuanzia leo siwalishi, wewe unaendelea na mambo yako, Ijumaa unapiga picha. Nani atajua?”

Daktari hakujibu. Na msijifanye nyinyi mngejibu haraka! Ukuu wa kitengo ule, anaufukuzia mwaka wa saba. Jina lake ndiyo kwanza limeanza kutamkwa bila kukosewa. Akasimama akiangalia kadi ile ya bluu, dakika nzima, Mama Vizimba anasema hata mbili.

Kisha akasema, “Mama yangu ana kumi na tisa.”

“Kumi na tisa ya nini?”

“Chukua khanga yako. Tunakwenda.”

Njiani Daktari alimpigia muuguzi wa kliniki. Muuguzi akamgombeza kwanza, mgombezo wa kuiva, halafu akasema Fundi aanze kipimo chake kilekile cha siku zote leo hii, ale, anywe maji, na kesho wa kwanza kwenye foleni awe yeye. Akianza kutapika au kupumua kwa shida, wasingoje kesho.

Saa tatu asubuhi walikuwa kwenye chumba cha kushonea. Jua limeingia mpaka kwenye mkeka. Fundi alikuwa anafumua mshono alioushona vibaya, na amefikicha macho mpaka yamekuwa mekundu.

“Karibuni. Huyu ni nani?”

“Mama, huyu ndiye anayetunza panya wangu. Ana jambo la kukwambia.”

Mama Vizimba akakaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mtoto. Akasema yote. Kadi nyekundu, kadi ya bluu, ndoo, baridi.

Fundi akamsikiliza mpaka mwisho.

“Wewe ndiye uliyewalisha?”

“Ndiye mimi, dada.”

“Uliwaonea huruma.”

“Niliwaonea huruma.”

“Hata mimi ningewalisha.” Akamgeukia bintiye. “Umesikia? Una mtu mwema pale kazini, mshike vizuri.”

“Mama! Hilo siyo la maana! La maana ni kwamba jani halijathibitishwa hata kidogo! Karatasi yangu ni ya makosa!”

Fundi akaweka mkasi chini.

“Mwanangu, mimi nimekuzaa, nakujua. Ulipokuwa mdogo, ukitaka ninywe dawa ya malaria ulikuwa unaniambia redio imesema. Leo umekodi na shahidi.”

“Sijamkodi!”

“Hajanikodi, dada. Hata nauli nimelipa mwenyewe.”

“Kilichochapwa kimechapwa,” Fundi akasema. “Kifuteni hukohuko kilikochapwa. Nikiona barua imekwenda, nitaamini. La sivyo, kijani changu kiko jikoni.”

Daktari akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

“Nikiifuta, Ijumaa hakuna, mama. Ukuu hakuna. Watu watasema nilitunga. Watanicheka mpaka wafagiaji.”

“Na mimi? Nitaingiaje kliniki? Mama Jani gani asiye na jani? Watanirudisha mwisho wa benchi, pale penye msumari.”

Wakatazamana. Pua moja, paji la uso moja, ukaidi mmoja.

“Basi wewe unaogopa barua,” Fundi akasema, “na mimi naogopa kidonge. Tumezaana kweli.”

Mama Vizimba akacheka. Hakupanga kucheka, kilimtoka tu. Fundi naye akacheka, na mwishowe Daktari, ingawa yeye machozi yalikuwa yanamtoka wakati huohuo.

Akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasukuma chaki na futi pembeni, akaandika. Haikuwa barua ndefu.

“Soma kwa sauti,” mama akaamuru. “Na hakuna herufi ndogo.”

“Kwa Mhariri. Karatasi yangu kuhusu jani na sukari ya panya ina kosa kubwa. Panya wa kundi la kulinganishia walilishwa kabla ya kupimwa, na sikujua. Matokeo hayaaminiki. Naomba iondolewe. Kosa ni langu, si la msaidizi wangu.”

“Hapo mwisho siyo kweli,” Mama Vizimba akasema.

“Panabaki hivyohivyo.”

Ikabaki kubonyeza. Kidole cha Daktari kikasimama hewani juu ya kitufe, hakikushuka. Fundi akamtazama. Akavuta mkoba, akatoa pakiti, akatumbua kidonge kwenye kiganja.

“Sikiliza. Wewe bonyeza, mimi nameza. Kwa pamoja. Mama Vizimba, hesabu.”

“Moja...”

“Ngoja! Maji!” Fundi akadai. Wakaleta maji. Wakaleta na mkate, kwa sababu muuguzi alisema ale. Akatafuna kwa makusudi, taratibu, kama mtu anayesubiri mechi iahirishwe.

“Moja. Mbili...”

“Ngoja!” Daktari naye. “Nimesahau nukta.”

“Nukta umeiweka, nimeiona,” Mama Vizimba akasema, mkali sasa. “Nawahesabia mara ya mwisho. Nyinyi wawili mna shida kuliko panya wangu wote. Moja! Mbili! Tatu!”

Kompyuta ikasema fyuu. Koo la Fundi likasema gul.

Wote watatu wakatazama kioo cha kompyuta.

“Imekwenda?” mama akauliza.

“Imekwenda. Na wewe?”

Fundi akafungua mdomo, akanyanyua ulimi, akauonyesha huku na huku kama mtoto. Hakuna kitu. Kidonge kimeshashuka.

Daktari akamkumbatia mama yake, akaganda pale kifuani. Fundi akampigapiga mgongo. “Basi. Basi mwanangu. Utaandika nyingine. Panya wapo, hawajaisha.”

Sijui kama mmewahi kuona mtu akitua mzigo ambao hakujua uzito wake. Daktari alikaa mezani, kichwa kikalala juu ya kitambaa cha gauni la mtu, na dakika ya pili alikuwa anakoroma. Fundi akamtoa pini karibu na shavu, moja baada ya nyingine, zilikuwa sita.

“Hakulala jana huyu,” akanong’ona. “Na mimi hiki kidonge kinaniletea usingizi.”

“Hakileti usingizi, dada.”

“Basi ni mkate.” Akajinyoosha kwenye mkeka, khanga usoni kukinga jua, na kabla Mama Vizimba hajamjibu, naye akawa amekwenda. Pumzi zake zilikuwa tulivu. Mama Vizimba alizisikiliza kama alivyoagizwa na muuguzi.

Akabaki peke yake macho. Akakunja vitambaa viwili vitatu, maana mikono yake haijui kukaa.

Ndipo kompyuta ikalia. Ting!

Akasogea. Alidhani ni betri. Haikuwa betri. Lilikuwa jibu, na limefika upesi hivyo kana kwamba mtu alikuwa amekaa anaingoja barua. Akalisoma akifuatisha kwa kidole.

“Tumeipokea barua yako, na tunakushukuru kwa ukweli wako. Ila tungependa ujue kuwa ni barua ya pili. Ya kwanza ilitufikia wiki iliyopita, ikieleza habari hiyohiyo ya panya kulishwa alfajiri. Mwandishi wake ameomba tusimtaje.”

Mama Vizimba akasoma tena.

Wiki iliyopita? Wiki iliyopita Daktari alikuwa hajui. Fundi hajui. Aliyejua kwamba panya wa bluu wanakula alfajiri alikuwa mtu mmoja tu duniani, naye ni yeye, na yeye hajaandikia mtu barua tangu amalize shule. Alikuwa anaingia maabara saa kumi na moja, taa moja, mlango umerudishwa.

Kwa hiyo kuna mtu aliyekuwa anamwona.

“Daktari,” akaita. “Daktari!” Akamtikisa bega. Daktari akageuza shavu upande wa pili, akaendelea. Akamtazama Fundi, akamwonea huruma kumwamsha. Akajisemea, nitakaa macho, nitawalinda, Daktari akiamka tu namwambia.

Akavuta kiti mpaka mlangoni, akakiegemeza, akapachika miguu kwenye kizingiti. Akaanza kupekua kichwani: nani ana ufunguo wa korido? Mlinzi. Mkurugenzi. Yule wa kuleta chakula cha panya. Na yule... yule...

Lakini mtu anayeamka saa tisa usiku kila siku ya kazi, mchana haumwachi hivihivi. Jina la yule wa nne lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi. Macho yakafumba, kidevu kikashuka kifuani, na jina lile akalala nalo mdomoni.